Nusu na Mpira wa Makochi

Pale karakanani wanamwita Nusu. Jina hilo alipewa na seremala, juma lile lile aliporudi kazini mkono wake wa kushoto ukiwa umeishia kwenye kifundo. Seremala alisema fundi wa mkono mmoja ni nusu fundi, akacheka mpaka akashika benchi. Bosi akacheka. Yeye mwenyewe naye akacheka kidogo, asije akaonekana ana kinyongo. Jina likashika. Siku hizi hata wateja wanamwita hivyo, na wengine wanadhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Kazi yake ni kushona. Karakana ile inavua makochi makuukuu, inayatengeneza mifupa, inayajaza sponji na kuyavika nguo mpya, na mshono wa mwisho, ule wa kufunga kitambaa mgongoni mwa kochi, lazima upite kwa mkono. Huo ni wake. Anabana kitambaa katikati ya magoti, anakikandamiza kwa kigutu, uzi anaukamata kwa meno, na mkono wa kulia unaendesha sindano iliyopinda kama mwezi mchanga. Akimaliza, ukipitisha kidole hujui uzi ulipoingilia wala ulipotokea. Seremala mwenyewe, pamoja na mdomo wake ule, hajawahi kuutania mshono wa Nusu.

Bosi ni kaka yake, tumbo moja, yeye mkubwa na Nusu dada anayemfuata. Ni mtu wa maneno. Angeweza kukuuzia kochi lako mwenyewe ukamshukuru. Na katika maneno yake yote hakuna aliyoyazoea kama hadithi ya mkono wa mdogo wake.

Mteja akileta kochi lililokaa stoo, Bosi alilizunguka akitikisa kichwa, kisha akaita kwa sauti ya upole, "Nusu, mdogo wangu, hebu njoo mara moja."

Nusu alijua anaitiwa nini. Alichomeka sindano kwenye sponji, akaja, akasimama mbele ya mteja, akainua kigutu.

"Buibui," Bosi alisema. "Si mkubwa, mama. Anaweza kukaa juu ya ukucha wako na nafasi ikabaki. Alitoka kwenye kochi kama hili hili. Akamwuma kidole tu huyu mdogo wangu, nyama ikaoza mpaka hapo unapoona. Nisingemfunga mpira mimi kwa mkono wangu, sumu ikasimama, leo tungekuwa tunamsomea dua."

Mteja alifunika mdomo. Wengine waliuliza kama inauma. Wengine waliomba kugusa, na Nusu akawaachia waguse. Baada ya hapo hakuna mteja aliyekataa kulipia dawa ya wadudu.

Dawa yenyewe ilikuwa maji. Maji ya bomba na kikombe cha mafuta ya taa kwa ajili ya harufu, ndani ya pampu ya kubeba mgongoni. Nusu alijua kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiijaza.

Sasa ukiuliza mtu na akili zake anakubali vipi kuwa tangazo la maji yenye harufu, inabidi turudi kwenye siku ya mkono.

Siku hiyo karakana ilikuwa na mzigo wa hoteli, makochi ya ukumbi mzima, na gari la kuyabeba lilikuwa limeshafika mlangoni. Nusu alikuwa anavua kochi moja la zamani pembeni ili fremu yake ipatikane. Akahisi kitu kimemchoma kidole. Naam, katika kazi ile kuchomwa si habari. Kila kochi limejaa vipini vya stapo, vile vya chuma vinavyobana kitambaa kwenye fremu, vimekatika, vimepinda, vina kutu, na fundi anachomwa tangu asubuhi mpaka anapofunga duka. Unanyonya kidole, unaendelea. Akanyonya, akaendelea.

Baadaye maumivu yakapanda. Yakapita kiwiko, yakaenda kukaa kwapani, yakashuka tumboni, na tumbo likawa gumu kama ubao. Jasho likamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Wifi yake, mke wa Bosi, aliyekuwa anapokea wateja pale mlangoni, alimtazama akijikunja na kusema, "Kazi ikizidi tu, tumbo la wifi linauma. Kazi ikiisha linapona. Mimi tumbo la namna hiyo nalitaka."

Bosi alikuja, akaona vidoa viwili kwenye kidole. Akakata kipande cha mpira wa makochi, ule mkanda mpana unaotandazwa chini ya kiti ili sponji isidumbukie, akauzungusha juu ya kifundo cha mkono. Hakukaza kwa mikono mitupu. Alichukua kile kibao chenye meno kinachotumika kuvutia mpira kwenye fremu, akavuta mpaka mpira ukalia, akafunga fundo.

"Usiufungue," akasema. "Ukifungua, sumu inapanda moyoni. Napeleka mzigo, nikirudi nakukimbiza hospitali."

Wakaondoka wote na makochi ya hoteli. Ilikuwa asubuhi. Kule hotelini meneja akataka yapangwe hivi, kisha akataka yapangwe vile, kisha akawapa chakula. Nusu alilala juu ya fremu isiyo na sponji. Vidole vilipwita, kisha vikawasha kama vimekaliwa na siafu, kisha vikanyamaza. Vilipokuwa kimya kabisa akamshukuru Mungu. Alidhani dawa imefanya kazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzima muda wote huo, na fundo lilikuwa la kawaida tu, la kuvuta kwa meno likafunguka. Hakulifungua. Kaka alikuwa amesema asilifungue.

Bosi alirudi jioni.

Miezi iliyofuata Nusu alikuwa akienda kufungwa bandeji zahanati, na muuguzi wa vidonda, mama mwenye miwani ya kamba, siku moja akamwuliza, "Hivi nani alikufunga?"

"Kaka yangu."

"Basi nikwambie, maana kidonda kimekaribia kupona na hakuna haja ya kukudanganya. Buibui yule angekutesa siku mbili, tatu, ungelia, ungetapika, angekuacha uende zako. Mkono huu haukuliwa na buibui. Umeliwa na mpira. Damu ilikatwa kutoka asubuhi mpaka jioni, kiungo kikafa."

Nusu hakulia. Aliuliza ilipaswa kufanywa nini, na muuguzi, akizungusha bandeji, akamweleza bila haraka. Kuosha kwa sabuni na maji. Kuvua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Kitambaa cha baridi. Mtu atulie, mkono utulie. Kutokata, kutonyonya, kutochoma moto, kutofunga. Kumtafuta mdudu, yule mweusi mwenye doa jekundu tumboni, kama anapatikana bila kuongeza majeruhi, aletwe aonekane. Na gari, mapema. "Buibui wengi hawana neno, hao wa ukutani wanakula mbu wako, waache. Lakini maumivu yakitoka kidoleni yakaenda kwapani na tumbo likakaza, usisubiri kuona mwisho wake."

"Nakuomba kitu kimoja," Nusu akamwambia. "Kaka yangu asije akaambiwa. Alitaka kuniokoa. Siku ile wodini alilia kama mtoto, anamtukana buibui, anapiga ukuta. Akijua ni yeye, hataishi."

Muuguzi akamtazama juu ya miwani. "Mwili ni wako," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Kaka akisimulia buibui, dada anainua kigutu. Kila alipokiinua aliona anamfunika kaka yake shuka. Akiitwa Nusu alinyamaza, akipapaswa na wageni alinyamaza, akijaza maji kwenye pampu alinyamaza. Moyoni alikuwa na furaha ndogo ya siri, ile ya mtu anayembeba mwenzake bila mwenzake kujua kwamba amebebwa.

Ikaja siku ya mwalimu.

Mwalimu huyu alikuwa amestaafu, mwanamke mrefu, mwenye tabia ya kumtazama mtu kama anasahihisha daftari lake. Alileta kochi la mumewe marehemu, lililokaa banda la nyuma tangu mazishi. Alikuwa ameshaonyeshwa kigutu, ameshalipia dawa, na asubuhi hiyo alikuja kuona kazi imefika wapi. Akapitisha kidole juu ya ubao, akakinusa.

"Haya ni mafuta ya taa."

"Dawa za kisasa, mwalimu," Bosi akasema. "Harufu zinafanana."

"Taa ya kwetu ilikuwa na dawa ya kisasa, sikujua. Umepuliza mpaka ndani?"

"Ndani kabisa. Hata chawa hana pa kusimama."

"Nitajuaje?"

Seremala, aliyekuwa anapiga randa, akadakia, "Mwalimu anataka tumletee maiti wa wadudu wamepangwa mstari."

"Wewe ungekuwa darasani kwangu ungekuwa umesimama nje," mwalimu akasema bila kugeuka.

Wifi akacheka. Na Bosi, ambaye hakuwahi kukubali kushindwa kwa maneno mbele ya mkewe, akakunja shati mpaka begani. "Seremala, ligeuze." Kochi likalazwa kifudifudi. Chini yake kile kitambaa cheusi cha kufunikia kilikuwa kimechanika pembeni. Bosi akaingiza mkono wa kushoto, ukazama mpaka kiwiko, akaanza kupapasa kona moja baada ya nyingine huku akimtazama mwalimu usoni.

"Huu ni mkono wa bosi mwenyewe, mwalimu. Ningekuwa naogopa, ningeutia?" Akakunja uso. "Vipini hivi." Akautoa mkono, akanyonya kidole, akaendelea kusema. Alisema sana siku hiyo. Alieleza habari za sponji, akaeleza habari za vitambaa, akamwambia mwalimu kochi lile litawazika wote waliomo mle ndani.

Nusu alikuwa anashona kwenye kona yake. Kitu cha kwanza alichokiona ni kaka yake kujisugua kwapa. Cha pili, jasho kwenye mdomo wa juu, na karakana ile ilikuwa na baridi. Bosi akabadilisha mguu wa kusimamia, akarudi kwenye wa kwanza, akakaa, akainuka, akashika kiuno. Nusu akachomeka sindano kwenye sponji. Safari hii hakuna aliyemwita.

"Kaka, lete huo mkono nione."

"Ni kipini."

"Kipini hakiumi kwapani."

Bosi akamtazama. Nusu akamshika mkono, akaugeuza upande wa mwanga wa dirisha. Kwenye kidole cha kati kulikuwa na vidoa viwili vimekaribiana, wekundu hafifu kuzunguka, na ngozi ya pale ilikuwa imelowa jasho la peke yake, vinyweleo vimesimama. Kabla hajasema lolote, tumbo la Bosi likamkamata, akainama mpaka paji la uso likagusa ubao wa kochi.

Seremala hakuwa mtu mbaya. Ni mdomo tu. Aliruka, akakata kipande cha mpira wa makochi, akachukua kile kibao chenye meno, akaja mbio. "Lete mkono, bosi. Mapema ndiyo dawa. Kabla haijapita kifundo."

Bosi akauvuta mkono wake kwa nguvu iliyowashangaza wote. Akaukumbatia kifuani kama mtu anayenyang'anywa mtoto.

"Usinifunge."

"Bosi, sumu itapanda."

"Nimesema usinifunge. Toa huo mpira hapa. Nitapoteza mkono, wewe mwendawazimu."

Seremala akasimama na mpira wake unaning'inia. Hakuelewa. Wifi hakuelewa. Mwalimu, ambaye siku tatu nyuma alikuwa ameisikiliza hadithi nzima, alianza kuelewa, na macho yake yakatoka kwa Bosi yakaenda kwenye kigutu, yakabaki hapo.

Nusu alikuwa ameshaelewa neno lilipokuwa bado mdomoni mwa kaka yake. Kaka alikuwa anajua.

"Lakini bosi," seremala akasema, kwa unyenyekevu kabisa, "si mpira uliomwokoa dada yako? Si wewe mwenyewe unatwambia kila siku?" Kisha, alipoona hapati jibu, akamgeukia Nusu. Wote wakamgeukia. "Nusu, sema wewe. Wewe ndiye uliyewahi kuumwa. Huyu maumivu yanamchanganya akili. Nikimkalia kifuani namfunga. Nimfunge?"

Seremala alikuwa na nguvu za kubeba kabati peke yake, na alikuwa anauliza kwa moyo safi. Wifi naye akasema, "Wifi, mwambie amfunge, unangoja nini, mume wangu ananifia." Lilihitajika neno moja. Lisingekuwa hata neno la uongo. Lingekuwa lile lile ambalo Bosi mwenyewe alilisema kwa miaka mbele ya kila mteja. Hakuna ambaye angemlaumu. Wangemshukuru.

Bosi alimtazama mdogo wake kutoka chini. Alijua ni mdomo wa nani ulioushika mkono wake.

Nusu akakaa kimya. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa anawaza, lakini hakuwa anawaza. Alikuwa ameshaamua tangu mwanzo. Alinyamaza ili kaka yake angoje. Alimwacha akae humo, na tumbo linamkaza, na seremala ameshika mpira, mpaka chozi likamshuka Bosi na kuingia mdomoni.

"Hapana," akasema. "Weka mpira chini. Chukua tochi, ulimulike kochi lile pole pole, usiingize mkono. Utaona buibui mweusi anang'aa kama shanga, tumbo la duara, chini ana doa jekundu. Mfunike na chupa ya gundi iliyoisha. Usimponde. Wifi, lete barafu kwenye friji ya soda, na sabuni."

Wakatawanyika. Nusu akamkalisha kaka yake chini, akaukalia ule mpira ili mtu asije akaukumbuka, akambana mkono kati ya magoti yake kama anavyobana kitambaa. Akamwosha kwa sabuni. Kidole cha pete kilikuwa kimeanza kutuna, na mkono mmoja hautoshi kuvua pete kwenye kidole kinachotetemeka. Akakandamiza kifundo cha kaka yake kwa kigutu, akainama, akaikamata pete kwa meno, akaivuta. Ilitoka na ngozi kidogo. Akaitema kiganjani mwa wifi yake.

"Sasa mjibu seremala," akasema, akimzungushia kitambaa cha barafu.

"Mdogo wangu, nakufa."

"Hufi. Utaumwa sana, lakini hufi. Na unajua hufi. Alikuuliza kwa nini hutaki mpira."

"Wifi, mtu yuko hali hii na wewe unamhoji kama polisi," mke wa Bosi akasema.

"Mikono yangu imesimama? Ninao mmoja na unafanya kazi. Na huu mdomo nao ufanye. Kaka, uliambiwa na nani?"

Bosi akasaga meno. Miguu ilikuwa imeanza kumkaza nayo, akawa anasugua visigino sakafuni. "Daktari," akasema.

"Lini?"

"Siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku ile ile. Hujatoka hata chumba cha upasuaji."

"Alisemaje?"

"Dada..."

"Maneno yake."

"Alisema ni mpira." Akavuta pumzi. "Alisema nilikukata mkono mimi, alichobaki nacho yeye ni kumalizia."

Seremala alikuwa amepiga magoti na tochi yake. Hakugeuka. Baadaye kidogo akasema kwa sauti ndogo, "Nimempata," akafunika chupa juu ya kitu cheusi kisichozidi punje ya kunde.

"Gari langu liko nje," mwalimu akasema. Halafu akaongeza, akimwambia Bosi, "Na nikitoka hospitali nitataka kujua hiyo pampu ina nini."

"Maji," Nusu akasema. "Najaza mimi."

Ndani ya gari wifi alikaa mbele, Nusu akakaa nyuma na kaka yake, ameushika ule mkono usicheze. Kila gari liliporuka, Bosi alilia. Ni maumivu mabaya, yule mdudu habagui. Anakamata tumbo na mgongo na mapaja, anakuminya kama nguo ya kufua. Nusu aliyajua moja baada ya jingine, na alimtangulia kwa kila moja. "Sasa litaingia kiunoni," alisema. Likaingia. "Sasa utataka kutapika." Akatapika, nusu dirishani, nusu kwenye gauni la Nusu. Akamfuta mdomo kwa upindo wa gauni hilo hilo.

"Niliogopa," Bosi akasema. "Ungenichukia."

"Nisingekuchukia. Nilijua."

Bosi akafumbua macho.

"Muuguzi wa vidonda aliniambia. Nikamwomba usiambiwe. Nilidhani ukijua utajiua." Alikuwa anaongea kama mtu anayepima kitambaa. "Wewe ukajua, ukaenda kununua pampu."

Mwalimu, kwenye usukani, alibadilisha gia bila sababu.

Hospitali waliitazama chupa, wakakitazama kidole, wakamtundikia Bosi dripu na dawa za maumivu na za kulegeza misuli. Daktari alisema dawa ya kuzima sumu ipo kwa wanaozidiwa, huyu hajazidiwa, atalala wamwangalie. Akaugeuza mkono, akaukagua juu na chini. "Wengi wananiletea watu wamefungwa kamba mpaka vidole vyeusi," akasema. "Nani alimhudumia?" Wifi alitazama dirishani. Bosi akamwonyesha Nusu kwa midomo.

Kesho yake saa ya kuona wagonjwa, Nusu alikuja na sabuni, taulo na shati safi. Alimkuta wifi yake kwenye korido.

"Mji mzima unajua," wifi akasema. "Seremala hakulala na siri hata usiku mmoja. Wateja wawili wamekuja kuchukua makochi yao hayajavikwa. Umeridhika?"

"Bado."

"Wako ulikwenda, wifi, pole. Wa mwenzio umebaki. Unataka naye akatwe ndiyo roho yako itulie?"

"Ningetaka, ungekuwa umeshakatwa," Nusu akasema, akampita.

Bosi alikuwa ameegemea mto. Tumbo lilikuwa limelegea, uso umerudi rangi. Kabla hajamwona mdogo wake alikuwa ameinua mkono wa kushoto mbele ya macho yake, anavikunja vidole kimoja kimoja na kuvinyoosha, kama mtu aliyevinunua jana. Alipomwona akauingiza chini ya shuka.

"Utoe," Nusu akasema. "Ni mzuri. Usiufiche."

Akautoa. Kwenye kidole cha kati vile vidoa vilikuwa vimeshaanza kupotea. Baada ya wiki mtu asingeweza kuonyesha vilipokuwa. Nusu akavuta kiti, akakaa.

"Sitamwambia mtu tena habari ya buibui," Bosi akasema. "Pampu nitaitupa. Wewe sema unachotaka, chochote, nitafanya. Karakana tuandike majina mawili. Nikupe nini, mdogo wangu?"

"Fungua kiganja."

Akafungua. Nusu akainua kigutu, kile alichokiinua mbele ya wateja wote wale, akakiweka katikati ya kiganja cha kaka yake. Bosi hakuwahi kukigusa. Wageni walikigusa, watoto wa wateja walikigusa, yeye kamwe. Ngozi ya pale mwisho ni laini sana, ina joto, na chini yake mfupa unasikika ukisogea kidogo.

"Shika," Nusu akasema.

Vidole vya Bosi vikajifunga, vyote vitano. Akashika. Baada ya muda mkono ukalegea, ukataka kutoka.

"Bado," Nusu akasema. Akasogeza kiti karibu, akaegemea, akatulia kama mtu aliyefika kwake. Kitanda cha jirani walikuwa wanagawana chungwa. Korido nzima kulikuwa na nyayo za watu wanaoingia. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa ndiyo kwanza imeanza.